Ukikusanya kikosi cha ujenzi, vuka watu unaowajua

Saiti nyingi huanza na simu moja. Mwenye kazi anampigia fundi anayemwamini, fundi anawaita wenzake, wenzake wanakuja na wadogo zao wa kubeba matofali, na kufika Jumatatu kikosi kimetimia. Hakuna aliyeulizwa kitu wala aliyepimwa. Kwa ukuta mfupi wa uzio, utaratibu huo unatosha na hatuna ugomvi nao. Mambo hubadilika pale jengo linapokuwa na nguzo, slabu, ngazi na tarehe ya kukabidhi.

Mafundi wa kujuana wanaweza kuwa hodari sana. Shida ni kwamba waliingia kwa mlango mmoja, na mara nyingi hutoka kwa mlango huohuo. Fomeni akikorofishana na mwenye kazi juu ya malipo ya wiki, waashi sita wanafunga vifaa vyao pamoja naye, na zege lililopangwa Alhamisi halimwagwi. Kuna na shida ya pili, ambayo huchelewa kuonekana: watu wa mstari mmoja, yaani walioletwa na mtu yuleyule, hufichiana. Ukuta ukitoka nje ya timazi, yaani ukiinama, shemeji hatamsema shemeji. Mtunza stoo akiwa ndugu wa fomeni, hesabu ya mifuko ya saruji ina mkono mmoja tu juu yake. Sisi tunashikilia jambo hili hata kwenye kazi ndogo: mtunza stoo, mwandika mahudhurio na mpimaji wa kazi iliyofanyika wasitoke kwenye mstari wa fomeni.

Halafu kuna pengo la ujuzi. Ukijuana na waashi wengi, utakuwa na waashi wengi. Kazi ikifika kwenye nondo au kuzuia maji kwenye paa la zege, utaambiwa "huyu naye anaweza", na anayesemwa hivyo ni mwashi uleule ambaye hajawahi kusoma ratiba ya ukataji wa nondo.

Hesabu kazi kwanza, watu baadaye

Ukitafuta watu bila hesabu utaishia kuchukua waliojitokeza. Chukua mfano wa kuta. Tofali lenye uso wa milimita 390 kwa 190, likijengwa kwa kiungo cha mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) cha milimita 10, linaziba mita ya mraba 0.08, yaani matofali 12.5 kwa mita ya mraba. Kuta zenye mita za mraba 120, milango na madirisha yakiwa yameshatolewa, zinakula matofali 1,500. Tuseme mwashi na saidia fundi wake wanajenga matofali 100 kwa siku kwa ubora unaoutaka. Hizo ni siku 15 za jozi moja, au siku 5 za jozi tatu. Kazi ikipanda jukwaani, ongeza saidia fundi mmoja kwa kila waashi wawili, kwa sababu sasa anatakiwa mtu wa chini wa kupandisha na mtu wa juu wa kupokea.

Fanya hesabu hiyo kwa kila fani, kisha rudi nyuma kwenye kalenda. Kutafuta mtu usiyemjua, kumpigia, kumpima na kuulizia habari zake huchukua wiki mbili hadi tatu ukifanya kwa utulivu. Anayeanza kutafuta fundi nondo siku nne kabla ya zege hana muda wa kupima mtu, kwa hiyo atarudi kwenye simu yake na kuchukua wa kuambiwa. Hapo ndipo nia njema nyingi za kubadilisha utaratibu zinapokufia.

Tangazo liandike kwa lugha ya saiti. Fundi mzuri mwenye kazi zake hatapoteza nauli kwa tangazo linalosema tu "wanahitajika mafundi wenye uzoefu". Taja fani, kiasi cha kazi, tarehe ya kuanza na muda, namna ya kulipa, vifaa vya kuja navyo na kitakachopimwa. Kwa mfano:

"Wanatakiwa waashi 3 wa kujenga kuta za matofali, mita za mraba 120, ghorofa ya chini. Kazi inaanza tarehe fulani, siku 5 hadi 7. Malipo kwa mita ya mraba iliyopimwa na kukubaliwa, kila Jumamosi. Kiwango ni hiki. Njoo na mwiko, timazi, pima maji na kamba. Jukwaa na vifaa vya kujikinga vipo. Kila mwombaji atajenga kona ya majaribio na atalipwa nusu siku. Hakuna ada ya kuomba kazi. Piga simu saa 12 hadi saa 2 jioni."

Saa ya kupiga simu ina sababu. Fundi aliye kazini mchana yuko juu ya jukwaa na mikono ina mota. Ukipokea simu asubuhi na mchana tu, utawapata zaidi wale wasio na kazi siku hiyo.

Wanapatikana wapi

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliosaidiwa na mtu wa kuonana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7. Asilimia 55.6 walisaidiwa na mtu wanayekutana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 na mtu ambaye hawakuonana naye zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wahojiwa wake walikuwa watu wa taaluma na ofisi, lakini sababu aliyoitoa inafaa saiti pia: watu wako wa karibu wanajua habari zilezile unazozijua wewe. Habari mpya ziko kwa watu wa mbali kidogo.

Kwenye ujenzi, watu hao wa mbali kidogo wana kazi zinazojulikana. Dereva anayeshusha matofali anaingia saiti nyingi kwa wiki na anajua ni wapi mzigo unapangwa vizuri na wapi unatupwa. Mkodishaji wa majukwaa anajua kikosi kinachorudisha vyuma vimekamilika. Mtaalamu wa maabara anayepokea vipande vya zege vya milimita 150 na kuvivunja baada ya siku 7 na 28 anajua ni saiti zipi zege lake halimwangushi. Waulize swali dogo: "Umeona wapi kazi safi mwezi huu, na nani alikuwa anaifanya?" Usiwaulize kama wana ndugu anayetafuta kazi, maana utakuwa umerudi palepale ulipotoka.

Kwenye chuo cha ufundi, mtafute mwalimu wa karakana. Yeye ndiye anayemjua kijana anayerudia kiungo mpaka kikae na yule anayesubiri kengele. Nenda pia kwenye saiti inayomaliza hatua ambayo yako ndiyo inaianza: waliomaliza kuta wiki hii wataachia waashi wiki ijayo. Zungumza na msimamizi wao waziwazi. Kumnyakulia mtu mafundi katikati ya kazi kunaharibu jina lako, na fundi aliyeacha kuta za mwenzako nusu ataacha zako vilevile. Vijiweni, pale vibarua wanapokusanyika alfajiri, fika mapema na ueleze kazi kwa wote waliopo. Ukizungumza na mmoja tu, umemfanya dalali.

Wakala wa ajira wanafaa zaidi kwa fani adimu na kwa idadi kubwa ya watu. Uliza jambo moja kabla ya bei yao: mfanyakazi anawalipa chochote? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale nchi husika inaporuhusu kwa utaratibu maalumu. Mtu aliyekopa ili aingie saiti yako hatathubutu kukuambia kwamba jukwaa limelegea.

Tangazo likifika mbali, watakuja na wanawake wa fani za plasta, vigae, rangi, umeme na uashi ambao kwenye mnyororo wa kaka na shemeji hawatajwi. Ili wabaki, choo chenye kufungika na mahali pa kubadilishia nguo viwepo tangu siku ya kwanza, na kiwango kwa mita ya mraba kiwe kilekile.

Simu ya dakika kumi

Usimwite kila mtu saiti. Chuja kwa simu, kwa maswali yaleyale kwa kila anayepiga, na andika majibu wakati anazungumza. Swali la "una uzoefu wa miaka mingapi" linasaidia kidogo mno. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter waliunganisha tafiti za miaka 85 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia kabisa, kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe kulipata 0.54 na miaka ya uzoefu 0.18. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo na nyingi zikashuka: kipande cha kazi 0.33, miaka ya uzoefu 0.07, na usaili wenye maswali yaliyopangwa sawa kwa wote ukaongoza kwa 0.42. Ndiyo sababu tunashika vitu viwili, maswali yaleyale kwa kila mtu na kazi ya mkono.

Maswali yawe ya namna ambayo jibu la kukariri halitoshi. Kwa fundi nondo: "Nondo ya milimita 12 kwenye nguzo, ukiiunga unapishanisha kiasi gani?" Anayejua atasema kwanza aone mchoro, kisha ataongeza kwamba kwa kawaida ni mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani milimita 480 hadi 600. Anayejibu "tunakadiria tu" amejieleza. Kwa anayemwaga zege: "Zege likianza kukaza kwenye toroli, unafanya nini?" Jibu la "naongeza maji kidogo" ni la hatari, kwa sababu maji hayo hupunguza nguvu ya zege hata kama sura yake inapendeza. Kwa seremala wa mbao za zege: "Nguzo za kuegemeza chini ya slabu unazitoa lini, na nani anaamua?" Asiyemtaja mhandisi aulizwe tena kwa namna nyingine kabla ya kukataliwa, maana huenda ni woga wa simu.

Kona ya majaribio

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo wengi wanapopunguza ili kuokoa nusu siku.

Kwa mwashi, tengeneza sehemu tambarare na umpe kila mmoja matofali kama 30, ndoo moja ya saruji, ndoo sita za mchanga, maji na saidia fundi. Kazi yenyewe ni kona ya pembe mraba, kila upande urefu wa matofali matatu, kozi (safu za matofali) tano kwenda juu, kwa saa tatu. Usimwelekeze. Tazama anavyoanza. Fundi aliyezoea kujenga vizuri hupanga kozi ya kwanza kavu, bila mota, aone viungo vinaangukia wapi. Kisha huvuta kamba. Anayeanza kwa kukoroga mota papo hapo atalazimika kukata tofali vibaya kwenye kozi ya pili.

Saa zikiisha, pima mbele yake. Weka alama sentimita 60 kwenye upande mmoja kutoka konani, sentimita 80 upande wa pili, na unyooshe futi kati ya alama hizo: inatakiwa sentimita 100. Kozi tano zenye tofali la milimita 190 na kiungo cha 10 zinafika milimita 1,000. Ikizidi au kupungua kwa zaidi ya 10, viungo havikudhibitiwa. Teremsha timazi, kwa kimo hicho cha mita moja tunakubali kupinda kwa milimita 5 na hatuongezi. Mwisho, ng'oa tofali moja la kozi ya nne kabla mota haijakaza, uligeuze. Mota ikiwa imeshika sehemu yote ya chini na imejaa kwenye kiungo cha kusimama, huyo anajaza. Ukikuta mistari miwili kingoni na katikati patupu, ukuta wake utaonekana mzuri nje na kuvujisha maji ndani. Kosa hilo halionekani kwenye picha yoyote atakayokutumia.

Angalia na vifaa vyake. Mwiko wa mtu wa kila siku mara nyingi umelika upande mmoja zaidi ya mwingine.

Fundi nondo mpe kikapu cha nguzo cha mita moja: nondo nne za milimita 12, ringi, yaani vyuma vya kuzifunga kwa kuzunguka, za milimita 8 kila milimita 150. Mwache ahesabu mwenyewe. Akiacha milimita 50 kila mwisho, ringi ni 7. Mwambie nguzo ni milimita 250 kwa 250 na kava, yaani zege linalofunika chuma, ni 40, kisha subiri akuambie ringi ina upana gani kwa nje. Jibu ni 170. Akikata ringi ya 200, nguzo yako itakuwa na kava ya 25 badala ya 40, na kutu itaifikia nondo mapema. Ndoano za ringi zikunjwe kwa nyuzi 135 ziingie ndani ya zege, na zizungushwe konakona, zisilundikane kwenye nondo moja. Kikishafungwa, kiinue na kukitikisa. Ringi inayoteleza ilifungwa kwa haraka, na itahama zege litakapomwagwa.

Saidia fundi naye apimwe, ingawa wengi humtazama mabega tu. Mpe kisanduku cha sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Kina lita 35, ambazo ni ujazo wa karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mwambie visanduku viwili vya mchanga na vinne vya kokoto kwa mfuko mmoja, na maji lita 25 yakiwa ya kupimwa. Tazama kama anasawazisha kisanduku juu kwa ubao au anakirundika, na kama anahesabu kwa sauti au kwa alama. Sepetu ya kukadiria imeharibu zege nyingi kuliko saruji mbovu, huo ndio mtazamo wetu.

Fundi umeme, fundi bomba na waendesha mitambo wanahitaji pia leseni kuhakikiwa kwa mamlaka iliyoitoa. Nakala ya karatasi peke yake isikutoshe.

Watu wawili watoe alama, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kushauriana mpaka wamalize. Aliyemleta mtu asimpe alama. Kasi iwe na uzito mdogo kuliko unyoofu: kasi huongezeka mtu akizoea saiti, lakini jicho lililozoea ukuta uliopinda ni gumu kulirudisha. Mlipe kila aliyefika, hata aliyeshindwa, jioni ileile.

Kuulizia habari zake

Namba ya simu aliyokupa inaweza kuwa ya rafiki yake. Muulize alifanya saiti gani, kisha tafuta wewe mwenyewe namna ya kumfikia msimamizi wa pale. Muulize msimamizi huyo alimpa kazi gani hasa, ipi ilirudiwa na kwa nini, na kama angemchukua tena mwezi ujao. Kimya kirefu baada ya swali la tatu kina habari. Picha zikubalike tu kama zinaonyesha sehemu moja katika hatua tofauti, nondo kabla ya zege na zege baada yake, na aweze kueleza kila hatua bila kusita.

Wiki mbili za kwanza

Usiwaweke wageni peke yao wakawa kundi la wageni. Changanya jozi: mwashi mpya na saidia fundi wa zamani, au kinyume chake. Tunajiwekea pia ukomo kwamba mstari wa mtu mmoja usizidi theluthi ya fani yoyote. Wa zamani watanung'unika, kwa hiyo waambie kabla ya tangazo kutoka: kila mtu anaruhusiwa kuleta jina, kila jina linapita kwenye kona ileile. Fomeni mzuri hulikubali hilo haraka, kwa sababu linamwondolea mzigo wa kumkatalia binamu yake.

Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha, ila yaandikwe: kiwango, nani anapima na siku gani, siku ya malipo, muda wa ziada, matibabu mtu akiumia. Kipengele cha kazi ya kurudiwa kinahitaji maneno ya wazi. Ukuta ukivunjwa kwa kosa la fundi, atajenga tena bila malipo ya pili. Ukivunjwa kwa sababu mchoro ulibadilishwa, analipwa mara zote mbili. Ugomvi mwingi wa Jumamosi hutoka kwenye mstari huo mmoja ambao haukuandikwa. Kiwango cha wageni kisipungue cha wenyeji kwa kazi ileile, maana siri ya mishahara saitini haivuki chakula cha mchana.

Mgeni wa saiti yuko hatarini zaidi siku zake za mwanzo, kwa kuwa hajui shimo liko wapi wala waya upi una umeme. Mtembeze kabla hajashika mwiko. Mwonyeshe njia za kupanda, na ngazi iegemezwe kwa uwiano wa mita 1 nje kwa kila mita 4 za kwenda juu. Mwambie jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Kisha pima kazi yake mwisho wa siku ya kwanza na ya tatu kwa timazi ileile ya majaribio, kwa sababu wapo wanaojenga vizuri wakitazamwa tu.

Waliokosa nafasi wapigie simu ndani ya siku mbili na uwaambie sababu halisi: kona ilitoka kwa milimita 12, ringi zilikuwa kubwa. Waombe ruhusa ya kuhifadhi jina, namba, fani, alama na tarehe kwenye daftari. Aliyeshindwa kwa milimita 12 mwezi huu anaweza kurudi na kona iliyonyooka mwezi ujao, na fundi plasta akikuaga ghafla utakuwa na watu watatu waliokwishapimwa wa kuwapigia jioni hiyohiyo.